Jinsi ya kuvaa, kutunza na kusoma beji ya mionzi kama unafanya kazi kwenye kobalti au linaki

Hii naiandika kwa wenzangu wa tiba mionzi hasa, walio kwenye kobalti (mashine inayotibu kwa chanzo cha kobalti-60) na linaki (mashine ya umeme inayozalisha mionzi ya kutibu), pamoja na ndugu zetu wa viwandani wanaopiga picha za mabomba kwa kamera ya gama. Maelekezo mengi tunayopewa kuhusu beji yametoka kwa watu wa eksrei ya kawaida, ukiyachukua kama yalivyo kuna sehemu yatakupotosha. Beji pengine ni ileile ila mionzi siyo ileile. Eksrei ya kifua inapigwa kwa kilovoti 100 na kidogo hivi, wakati kobalti-60 inatoa gama za MeV 1.17 na 1.33 (MeV ni kipimo cha nguvu ya mionzi, MeV 1 ni ya kilovoti 1000), zaidi ya mara 10 ya hapo, na linaki ya megavoti 6 fotoni zake, yaani chembe za mionzi hiyo, zinapanda mpaka MeV 6, ile ya 15 zinapanda mpaka 15. Ukifika huko juu mambo kadhaa uliyozoea yanabadilika.

Kwanza tuelewane beji inapima nini. Beji haikukingi na chochote, inaandika tu. Inachoandika ni doza, yaani kiasi cha mionzi, iliyoingia mwilini kwenye kina cha milimita 10 chini ya ngozi, pale pale ulipoivaa. Kwenye ripoti utaikuta imeandikwa Hp(10), pembeni yake Hp(0.07) ambayo ni ya ngozi, na baadhi ya huduma zinatoa na Hp(3) ya lenzi ya jicho. Kipimo ni milisivati, mSv. Na wanapoikalibreti maabara, yaani kuilinganisha na mionzi ambayo kipimo chake kinajulikana, hawaining'inizi hewani, wanaibandika mbele ya boksi la plastiki lenye maji, sm 30 kwa 30 na unene wa sm 15, ambalo linasimama badala ya kifua cha mtu, maana mwili wenyewe unarudisha sehemu ya mionzi nyuma na beji inatakiwa iihesabu na hiyo. Ndiyo maana beji iliyofungwa kwenye zipu ya mkoba, au iliyoachwa kwenye koti nyuma ya kiti, inakupa namba ambayo haina uhusiano wowote na wewe.

Sasa mahali pa kuivaa. Kifuani, kati ya shingo na kiuno, upande wa mbele, uso wa beji ukiangalia nje. Hapa naomba nikazie kidogo maana nakuta sana watu wameivaa imegeuka. Ndani ya kile kiboksi kuna vipande viwili mpaka vinne vya kupimia, na kila kimoja kimefunikwa na chujio lake, kimoja kina kidirisha chembamba, kingine plastiki nene, kingine alumini au shaba. Maabara wanalinganisha vipande hivyo ndiyo wanajua mionzi iliyokupiga ilikuwa ya nguvu ndogo au kubwa. Ukiigeuza ule mpangilio unavurugika. Kobalti inaweza isionyeshe tofauti kubwa maana inapenya tu, lakini mionzi iliyodunda kwenye kuta za korido ya bunka (chumba cha zege cha mashine) imeshapoteza nguvu nyingi, hiyo utaipima vibaya. Kwa hiyo kabla hujaingia kazini angalia kidirisha kiko nje, klipu iko kwenye nguo, na kalamu, simu au kitambulisho cha chuma havijakaa mbele yake.

Aproni ya risasi. Hii ndiyo sehemu ya kwanza ambapo mazoea ya eksrei yanatudanganya. Aproni ya mm 0.5 kwenye eksrei inazuia zaidi ya asilimia 90 ya mionzi iliyotawanyika, kwa hiyo kule wanaambiwa beji ikae chini ya aproni na pengine ya pili nje kwenye kola, na wanaambiwa sawa kabisa. Lakini gama za kobalti ili uzipunguze nusu tu unahitaji risasi ya karibu mm 12. Ukipiga hesabu, aproni yako ya nusu milimita inakata kama asilimia 3. Tatu tu! Yaani kuingia chumba cha kobalti na aproni ni kubeba uzito bure, na kibaya zaidi mtu akishaivaa anajisikia yuko salama na anakaa ndani muda mrefu kuliko angekaa bila hiyo. Kwenye kazi yetu kinga ni muda, umbali na ukuta wa zege, basi. Kama ni kinga ya kuvaa achana nayo, vaa beji kifuani na fanya kazi haraka.

Kuna kitu kingine kinachotokea kwenye fotoni kubwa ambacho wengi hawaambiwi. Fotoni yenyewe haiandiki doza, inachofanya ni kurusha elektroni, na elektroni ndiyo zinaacha doza. Kwenye eksrei hizo elektroni zinaishia palepale zilipoanzia. Kwenye kobalti doza inafika kilele karibu mm 5 ndani ya mwili, kwenye megavoti 6 ni sm 1.5, kwenye 15 inakaribia sm 3. Sasa beji yako ina plastiki ya milimita chache tu mbele. Kama fotoni za MeV 6 zimekuja zenyewe bila elektroni, kipande cha kupimia hakipati elektroni za kutosha na kinaweza kusoma chini, na kama zimekuja zimefuatana na elektroni kibao kutoka kwenye ukuta au kwenye chuma cha mashine, kinaweza kusoma juu. Ndiyo maana maabara zinazokalibreti kwa fotoni za MeV 4 hadi 9 zinaweka sahani ya plastiki ya perspeksi ya karibu sm 2.5 mbele ya dosimita (kifaa cha kupimia doza, kama beji), ili elektroni zishatulia kabla hazijafika. Usianze kujibandikia plastiki mwenyewe kifuani, utaharibu usomaji wa mionzi midogo. Unachotakiwa kufanya ni kuuliza huduma yako ya dosimetri, wale wanaokusomea beji, swali moja, tena kwa maandishi: hizi beji zimekalibretiwa kwa chanzo gani, na mwitikio wake kwenye MeV 6 ni upi? Nyingi zinakalibretiwa kwa sesiamu-137 ambayo ni MeV 0.662, na kwa kobalti tofauti siyo kubwa. Kwa linaki pata jibu lao kabisa liwe kwenye faili. Na kama linaki yenu inazidi megavoti 10 kuna nyutroni pia, ambazo beji ya kawaida ya fotoni haizipimi inavyotakiwa, hapo uliza kama kuna beji ya nyutroni.

Aina za beji. TLD ndiyo iliyotapakaa kwetu, ndani yake kuna vichipu vya lithiamu floridi vyenye magnesiamu na titaniamu kidogo, mionzi ikipita nishati inanaswa humo, wakienda kusoma wanakipasha joto la nyuzi 200 na kitu mpaka karibu 300 kinatoa mwanga, na mwanga ndiyo doza. Ikishasomwa imefutika, hakuna kurudia. OSL inatumia alumini oksaidi yenye kaboni na inasomwa kwa mwanga badala ya joto, hii unaweza kuisoma tena kukiwa na ubishi, ambayo kwa maoni yangu ni faida kubwa sana siku ripoti ikija na namba ya ajabu. Halafu kuna za elektroniki, zina skrini na alamu, zinakuambia sasa hivi.

Hizo za elektroniki watu wanazipenda na mimi nazipenda, ila kwenye linaki zina shida yake ya kuijua. Linaki haitoi mionzi mfululizo, inatoa pulsi za mikrosekunde chache, mia kadhaa kwa sekunde. Yaani mashine kwa kweli inatoa mionzi kama sehemu moja ya elfu ya muda tu, na ndani ya pulsi kasi ya doza ni kama mara 1000 ya wastani. Dosimita yenye tyubu ya Geiger ikigongwa na fotoni moja inapofuka kwa muda mfupi, na pulsi yote inakuwa imeisha kabla haijafumbua macho, kwa hiyo hata zikipita fotoni 50 kwenye pulsi moja yenyewe inahesabu 1. Matokeo yake kadiri mionzi inavyokuwa mikali ndivyo inavyokudanganya kwa kusoma chini. Kwa kobalti, iridiamu na sesiamu hakuna shida hiyo maana zinatoa mfululizo. Kwa hiyo ushauri wangu, kobalti, brakitherapi (tiba ya kuweka chanzo ndani ya uvimbe au karibu nao) na kamera ya gama vaa TLD au OSL NA ya elektroniki pamoja, moja ya kumbukumbu nyingine ya kukupigia kelele. Kwenye linaki ya elektroniki ichukulie kama msaidizi tu, mpaka mtengenezaji akuonyeshe maandishi kwamba imepimwa kwenye mionzi ya pulsi.

Ile kelele siyo jambo dogo. Mwaka 1999 huko Yanango, Peru, kwenye ujenzi wa umeme wa maji, chanzo cha iridiamu-192 kilitoka kwenye kamera ya gama, fundi wa kuchomelea akakiokota bila kujua ni nini akakitia mfuko wa nyuma wa suruali. Alipoteza mguu. Beji ya kifuani hata angekuwa nayo isingemwokoa kwa sababu mbili. Ya kwanza, TLD haisemi kitu mpaka isomwe, na hiyo ni wiki au miezi. Ya pili ni umbali: chanzo kikiwa sm 1 kutoka kwenye ngozi ya paja na sm 50 kutoka kwenye beji, beji inapata sehemu 1 kati ya 2500 ya kile ngozi inachopata. Kwa hiyo ukiona mtu ameshika chanzo kwa mkono, au alikuwa karibu nacho sana, usitulizwe na namba ya kifuani, ile inasema habari za kifua tu. Wanaogusa vyanzo kwa karibu, kama watu wa brakitherapi na wa tiba nyuklia, wavae na pete, kipande cha kupimia kikiwa upande wa kiganja, pale chanzo kilipo, na glovu ivaliwe juu yake.

Mama mjamzito akishatoa taarifa kazini anavaa ya ziada kiunoni, usawa wa tumbo, na ya kifuani inabaki. Kikomo cha mtoto ni mSv 1 kwa muda wote wa ujauzito uliobaki. Kina dada, toeni taarifa mapema, kabla hamjatoa hamna namna kikomo hicho kitafuatwa.

Nije kwenye utunzaji, maana kiukweli namba nyingi mbovu zinaanzia hapa wala siyo kwenye fizikia. Kila kundi la beji linakuja na beji moja ya kontroli, ambayo haivaliwi na mtu. Kazi yake ni kupima mionzi ya asili, ile ya ardhini na angani ambayo duniani kwa wastani inampa mtu mSv 2.4 kwa mwaka ukijumlisha na gesi ya redoni anayoivuta. Maabara wanachukua usomaji wako wanatoa wa kontroli, kinachobaki ndiyo cha kazini. Sasa fikiria kontroli imewekwa kwenye droo ya chumba cha kuendeshea mashine, ukuta ule ule unaopakana na bunka. Inakula doza kila siku pamoja nanyi, mwisho wa robo mwaka inatolewa kwenye beji za watu wote, na idara nzima inatoka na sifuri. Ripoti inapendeza na ni ya uongo. Weka kontroli ofisi ya mbali, jengo lingine kama inawezekana, na ubao wa kutundikia beji za watu ukae hapohapo jirani na kontroli, ili zikiwa hazijavaliwa zote zipate kitu kimoja. Zikitumwa na kurudi, kontroli isafiri kwenye bahasha moja na zingine, kama bahasha itapitishwa kwenye skana ya uwanja wa ndege basi zimepita zote.

Usiiache kwenye dashibodi ya gari. Jua la Dar mchana kwenye gari lililofungwa linapandisha joto kweli kweli, na TLD inasomwa kwa joto, ina maana kila ikichemka inapoteza kidogo kidogo ilichohifadhi. OSL adui yake ni mwanga, kwa hiyo usifungue kiboksi kuchungulia. Usiifue na koti la kazini, ikifuliwa toa taarifa, usiikaushe ukanyamaza. Usimwazime mwenzako hata kwa zamu moja. Na ukienda wewe mwenyewe kupigwa eksrei au kutibiwa kama mgonjwa iache ofisini, doza ya mgonjwa haihesabiwi kwenye doza ya kazi. Ukipigwa dawa ya tiba nyuklia mwilini usiivae mpaka afisa usalama wa mionzi akuruhusu, maana utakuwa unaipiga mionzi wewe mwenyewe kutoka ndani.

Ripoti ikija. Kwa Tanzania huduma hii inatolewa na Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, iliyo chini ya Sheria Na. 7 ya 2003, Kenya msimamizi ni KNRA, mamlaka yao ya udhibiti wa nyuklia. Vikomo vinavyofuatwa kimataifa ni mSv 20 kwa mwaka kwa wastani wa miaka 5, na mwaka wowote mmoja usizidi 50, lenzi ya jicho nayo ni 20 (ICRP, tume ya kimataifa ya kinga ya mionzi, waliishusha mwaka 2011 kutoka 150), ngozi na mikono 500. Ila ukisubiri kufika 20 ndiyo ushtuke umechelewa sana. Namba unayotakiwa kuilinganisha nayo ni ile uliyotarajia wewe, na hiyo unaipiga mwenyewe.

Hesabu yenyewe iko hivi. Chanzo cha kobalti hakizimwi, kinarudi tu ndani ya kichwa cha mashine na kinavuja kidogo saa zote. Chukua mita, simama pale unaposimama kumlaza mgonjwa, tuseme inasoma mikrosivati 3 kwa saa. Wagonjwa 30 kwa siku, dakika 4 ndani kwa kila mmoja, hiyo ni dakika 120, saa 2, mikrosivati 6 kwa siku. Robo mwaka ina siku za kazi kama 60, kwa hiyo 360, yaani mSv 0.36. Beji ikisoma 0.3 au 0.45 iko sawa, dosimetri ya doza ndogo huwa na kuyumba kwake. Ikisoma 3 kuna kitu. Na ikisoma sifuri robo baada ya robo kwa mtu anayelaza wagonjwa kila siku, pia kuna kitu, na hapa ndipo ninapogombana na watu kila mara, wanashangilia sifuri. Mtu wa kobalti mwenye sifuri ya kudumu aidha havai beji, au kontroli iko mahali pabaya. Nenda ubaoni saa 4 asubuhi wakati wagonjwa wanaingia, hesabu beji zilizotundikwa, utapata jibu.

Linaki ni tofauti kabisa, ukizima hakuna mionzi, kwa hiyo sifuri au chini ya kiwango cha kusomeka (huduma nyingi ni mSv 0.05 au 0.1) ni matokeo ya kawaida. Isipokuwa wenye nguvu zaidi ya megavoti 10, maana nyutroni zinafanya vyuma vya kichwa kuwa na mionzi kwa muda, alumini kwa mfano inakuwa alumini-28 inayotoa gama za MeV 1.78 na inapungua nusu kila dakika 2 na kidogo. Ukimaliza kutibu kwa 15, vuta dakika chache kabla ya kuingia na usiegemee kichwa cha mashine.

Namba ikitoka juu usianze kumlaumu mtu na usiruhusu afutiwe kwenye rekodi. Uliza beji ililala wapi, ilianguka bunka, ilisahaulika kwenye kitanda cha mgonjwa wakati mashine inapiga? Beji iliyosahaulika chini ya mionzi ya kobalti inapopiga inapata ndani ya dakika moja zaidi ya vikomo vyote vya mwaka, kwa hiyo namba za mamia au maelfu ya mSv kwa mtu asiye na dalili yoyote mara nyingi zina maelezo ya aina hiyo. Lakini maelezo yaandikwe na yathibitishwe, na kama bado kuna shaka mpeleke akapimwe damu, kuna kipimo cha kuhesabu kromosomu zilizovunjika ambacho kinaweza kuona doza ya mwili mzima kuanzia karibu mSv 100. Wakati mnachunguza mtoe kwenye mionzi, mpe kazi nyingine, mshahara wake usiguswe. Siku chanzo kikikwama nje, toeni mgonjwa, fungeni mlango, kisha beji za wote walioingia zitumwe siku hiyohiyo, msisubiri mwisho wa robo.

La mwisho ni karatasi. Kanuni za IAEA, shirika la kimataifa la nguvu za atomiki, zinataka rekodi ya doza yako itunzwe mpaka ufikishe miaka 75, na isiwe chini ya miaka 30 tangu uache kazi ya mionzi. Ukihama hospitali au kampuni ya ujenzi ikimaliza mradi na kufunga virago, omba nakala yako yenye jina, vipindi vyote na jumla, ikiwa na muhuri, na umpe mwajiri mpya siku ya kwanza kabla hujakabidhiwa beji yake, ili ile jumla ya miaka 5 iendelee pale ilipoishia.